Mkoromo wa Mtukufu

Ukifungua ramani, usiitafute nchi ya Shwari, utachosha macho bure. Ipo, ila imejikalia kimya pembeni mwa nchi nyingine, haina ugomvi na mtu, na serikali yake inapenda iendelee kutoonekana hivyohivyo. Wananchi wake ni watu wapole kupita kiasi. Ukiwakanyaga mguu, wao ndio wanaoomba radhi. Bei zikipanda, huuliza kwa adabu kama zitapanda tena kesho, ili walale mapema wajiandae.

Watu hao wana desturi moja wanayoipenda kuliko zote, na bila kuijua huwezi kuelewa yaliyompata Sikudhani.

Huko Shwari, mgeni akifika kwako hupewa kinywaji katika bilauri ndefu, na mwenye nyumba mwenyewe, kwa mkono wake, ndiye anayemtilia mrija. Mwingine haruhusiwi. Bilauri ikishawekwa mbele ya mgeni haiguswi tena, haiongezwi wala haipunguzwi. Mgeni hufyonza taratibu mpaka chini kabisa, na kinywaji kikiisha huendelea kufyonza hadi bilauri itoe ule mlio wa krrrrr. Mlio huo wanauita mkoromo. Ukisikika, wenyeji hushusha pumzi, watu hukaa, na chakula huletwa. Usiposikika, nyumba imeaibika, na hakuna wa kukaa, wa kula, wala wa kuaga. Posa nyingi zimevunjika Shwari kwa sababu mshenga aliacha tone moja chini ya bilauri.

Kwa hiyo mrija, kwa Mshwari, si kitu cha kuchezea watoto. Ni heshima ya mtu, ila ina tundu katikati.

*

Balaa lilianza pale Mheshimiwa Kishindo, Waziri wa Vinywaji na Mazingira Yanayovizunguka, aliposafiri kwenda kwenye mkutano wa nje. Huko alipewa juisi yenye mrija wa karatasi. Alionja kidogo tu, maana juisi yenyewe ilikuwa chachu, akaiacha. Hakuna aliyemuuliza kwa nini hakumaliza. Akarudi nyumbani na mrija mfukoni na jambo kubwa kifuani.

"Ndugu wananchi!" alinguruma bungeni. "Nchi zote zilizoendelea zinafyonza karatasi! Sisi bado tunafyonza plastiki, kana kwamba hatuna wizara! Plastiki inaua samaki wetu baharini!"

Mbunge mmoja mgeni wa mambo alinyoosha kidole akakumbusha kwamba Shwari haina bahari, na samaki wake wote hufika wakiwa ndani ya makopo.

"Hata samaki wa kopo ana utu wake!" alijibu Waziri, na bunge zima likasimama kupiga makofi. Sheria ikapita kabla makofi hayajaisha.

Wananchi wakaamriwa kuikabidhi mirija yao yote ya plastiki. Ikarundikwa katikati ya uwanja wa mpira, ikapigwa kiberiti kwa ajili ya kulinda hewa. Moshi mweusi ulitanda mji mzima hata kuku wakapanda kulala saa sita mchana. Waziri, akikohoa kwenye leso, aliwaeleza waandishi wa habari kwamba ule haukuwa moshi wa kawaida. Ulikuwa ni uchafu unaaga.

Mirija ya karatasi ilitoka katika kiwanda cha shemeji yake Waziri. Zamani kiwanda hicho kilitengeneza bahasha, na kwa kuwa shemeji hapendi kutupa vitu, alitumia gundi ileile. Mrija wake ulikuwa mzuri ukiwa mkavu. Ukiuchovya kwenye kinywaji, kwanza ulisinyaa, kisha ukalegea kama tambi iliyosahaulika jikoni, na ukiung'ang'ania sana midomo yako ilijifunga kama barua iliyo tayari kwenda posta. Mkoromo ulipotea nchini. Majumbani mgeni alikunywa akashindwa, wenyeji wakafumba macho ili wasiione bilauri iliyojaa, naye mgeni akafanya "krrrr" kwa koo lake mwenyewe. Wote wakashukuru, wakakaa, wakala. Nimeshawaambia, ni watu wapole.

*

Sikudhani na mumewe Makame walikuwa na mgahawa uitwao Tulizana, ng'ambo tu ya barabara kutoka wizarani. Juisi yao ya parachichi ilisifika kwa uzito. Watu walisema kijiko ukikisimamisha ndani yake, kinasimama mpaka utakapokumbuka kukichukua.

Sikudhani ndiye aliyeitengeneza, na Makame ndiye aliyezungumza. Hivyo ndivyo walivyogawana kazi tangu waoane, kwa sababu Sikudhani alikuwa na haya ya ajabu. Mteja akimuuliza kuna nini leo, alijibu kwa sauti ndogo hata mteja akadhani anasali. Makame yeye aliongea na kila aliyeingia, na asiyeingia alimfuata nje. Usiku, mgahawa ukifungwa, Makame alinyamaza akamsikiliza mkewe, na ajabu ni kwamba hapo Sikudhani alikuwa na maneno mengi.

Chumba cha nyuma aliishi Bi Kidawa, mama yake Makame. Miguu na mgongo vilishamkataa, alikuwa mtu wa kulala chali, lakini ulimi ulikuwa ukitembea vizuri sana. Uji wake aliunywa akiwa amelala, kwa mrija. Sheria mpya ilipokuja wakampa wa karatasi. Uji ulikuwa wa moto. Mrija ukapinda, ukayeyuka, na bibi akaumeza.

"Sikudhani, mwanangu," alisema akilamba midomo, "uji wa leo umeupika na barua ya nani?"

Makame hakuvumilia. Akatafuta mrija mmoja wa plastiki uliodondokea nyuma ya kabati, mweupe wenye mstari mwekundu, akauosha kwa maji moto, akampa mama yake.

Haukupita muda, Kikosi Maalumu cha Mirija kikaingia. Kiongozi wao, Sajini Mbwiga, alikuwa kijana wa mtaa uleule. Alipofika chumba cha nyuma alimkuta bibi katikati ya funda.

"Shikamoo, bibi."

Bi Kidawa alimaliza funda lake kwanza. "Marahaba, Mbwiga. Mama yako hajambo?"

"Hajambo, bibi. Naomba huo mrija."

"Mimi ndiye niliyemkanda mama yako alipokuzaa wewe, kichwa kikubwa namna hiyo. Leo unakuja kunipokonya mrija mdomoni?"

"Ni kazi tu, bibi. Mrija ni wa nani?"

"Wangu," alisema Makame kutoka mlangoni, kabla mama yake hajafungua kinywa.

"Wako? Wewe mtu mzima unakunywa uji kwa mrija?"

"Kwani sheria inakataza uji?"

Sajini aliinama kidogo akafikiri. "Uji haukatazwi."

"Basi na mimi sijakosea uji. Twende."

Sikudhani alikuwa amesimama nyuma ya mlango na mwiko mkononi. Alikuwa na la kusema, lilimfika kooni kabisa, likarudi.

*

Kituoni, mrija uliwekwa ndani ya sanduku la kioo, maana ulikuwa kidhibiti, yaani ushahidi wa kesi, na kidhibiti cha mwisho cha plastiki katika nchi nzima. Sanduku lilihitaji kufuli. Kufuli la kituo lilikuwa moja tu, la mahabusu. Wakaling'oa huko wakalifunga kwenye sanduku, na mlango wa mahabusu ukafungwa kwa kamba. Kwa kuwa hapakuwa na msumari wa kuifungia kamba upande wa pili, Sajini alimwomba Makame aishike mwenyewe kwa ndani. Makame akaishika. Mshwari hawezi kukataa kitu alichoombwa vizuri.

Sikudhani alipopeleka chakula alimkuta mumewe anakula kwa mkono mmoja.

"Usikonde," Makame alimnong'oneza. "Mama anakunywa?"

"Kwa kijiko. Unamwagika shingoni. Ananitukana."

"Akikutukana basi ni mzima."

Sajini Mbwiga alimsindikiza Sikudhani mpaka nje, akivuavua kofia.

"Shemeji, nisikufiche. Kesi ni nzito. Adhabu yake Waziri ameiandika mwenyewe, na wataalamu wote wameisifu kwamba ina sayansi ndani. Mtu atakaa gerezani mpaka mrija aliokamatwa nao uoze."

Sikudhani alifungua kinywa. "Unaoza lini?" Sauti ilikuwa ndogo, Sajini akainamisha sikio.

"Wanasema miaka mia kadhaa. Lakini usihofu, shemeji, akiwa na tabia njema wanaweza wakauweka mahali penye unyevu."

Sikudhani alirudi nyumbani akakata maparachichi mengi kuliko wateja waliokuwepo. Chumba cha nyuma Bi Kidawa alimuuliza wamesema nini, naye akajibu kwamba wamesema wataangalia. Usiku ule hapakuwa na mtu wa kumwambia ukweli wake.

Siku chache baadaye Waziri mwenyewe alivuka barabara, akaingia Tulizana na wapambe wake, akatazama kuta kama mtu anayekagua nchi aliyoiteka.

"Wewe ndiye mke wa mhalifu?"

Sikudhani aliitikia kwa kichwa.

"Hongera. Mtukufu Rais atazindua mrija wa karatasi hapahapa. Tumechagua kwako makusudi, kwa sababu hii ndiyo ngome ya mwisho ya adui. Atakunywa juisi yako ya parachichi, ile nzito, ili dunia ione nguvu ya karatasi yetu. Na kidhibiti kitaletwa, wananchi wamwone adui kwa macho yao."

Mpambe mmoja alikohoa. "Mheshimiwa, labda ingekuwa maji ya limao? Ni mepesi..."

"Taifa zito linakunywa kitu kizito!" Waziri alimkata. Kisha akamgeukia Sikudhani, akashusha sauti. "Sikiliza, binti. Mtukufu akikoromesha bilauri, mumeo atapata msamaha palepale. Asipokoromesha, nitasema mmetia kitu kwenye juisi, na hapo hatutangoja mrija uoze. Tumeelewana?"

Sikudhani alitazama sakafu yake. Akaitikia kwa kichwa.

*

Siku ya uzinduzi barabara ilifungwa, na nyumba zote zinazoonekana kutoka kwenye gari la Mtukufu zilipakwa rangi upande mmoja. Ndani ya Tulizana walijazana mawaziri, mabalozi, askari wenye nyota mabegani, na hakimu mwenye kesi ya Makame, ambaye alikaribishwa kwa sababu ana suti. Pembeni, juu ya meza yenye kitambaa cheusi, lilikaa sanduku la kioo na mrija wenye mstari mwekundu ndani yake. Sajini Mbwiga alisimama kando yake na bunduki. Televisheni ya Taifa ilikuwa ikirusha moja kwa moja, na chaneli nyingine hazikuwepo.

Waziri Kishindo alihutubia kwanza.

"Mtukufu! Historia ina milango! Wengine waliingia kwa mlango wa moto, wengine kwa mlango wa gurudumu! Sisi Washwari leo tunaingia kwa mlango mwembamba, wa mviringo, uliotengenezwa kwa karatasi!"

Makofi. Mtukufu, mzee mnene mwenye macho ya usingizi, alipunga mkono. Sikudhani akaleta bilauri, kijani kibichi kutoka chini mpaka juu, akaiweka. Akatia mrija wa karatasi kwa mkono wake. Watu wote wakasimama kungoja mkoromo.

Mtukufu akafyonza. Juisi ilipanda kidogo, ikatazama nje, ikashuka. Akafyonza tena, mashavu yakazama. Mrija ukabonyea, ukalala ubavu.

"Mwingine!" alinong'ona Afisa Itifaki. Sikudhani akatia wa pili. Ule ulikatika, nusu yake ikazama kama mtu aliyekata tamaa. Wa tatu ulivumilia, hata watu wakaanza kutazamana kwa matumaini, lakini Mtukufu alipotaka kupumua midomo haikufunguka. Gundi ilikuwa imeshika. Daktari wake alikuja na maji ya uvuguvugu na pamba, na mtangazaji wa televisheni akaeleza kwamba Kiongozi wa nchi yuko katika tafakari ya kina.

Juisi haikupungua hata kwa upana wa ukucha. Na bilauri, kumbuka, ni ya kioo. Nchi nzima ilikuwa ikiiona.

Jua lilisogea. Hakuna aliyeruhusiwa kukaa. Jikoni wali ulianza kushika sufuria, na harufu yake ikapita puani mwa watu kama dharau. Balozi mmoja mzee aliegemea bendera ya nchi yake. Mbunge mmoja alizimia, lakini akazimia akiwa wima, kwa kubanwa na wenzake. Hakimu alikuwa akimeza mate na kuhesabu vifungo vya koti lake.

Waziri aliingia jikoni shingo imelowa.

"Binti! Fanya kitu!"

Sikudhani alikuwa amesimama kando ya gunia la maparachichi. Alinyoosha tu kidole kupitia mlango uliokuwa wazi, na Waziri akakifuata kidole kile mpaka kwenye meza yenye kitambaa cheusi.

"Una wazimu?" alisema. Kisha akatazama bilauri. Kisha akatazama sanduku tena. "Tungeuviringishia karatasi juu... Mbwiga!"

Sajini alisogea na sanduku kifuani. "Mheshimiwa, kidhibiti hakitolewi bila amri ya hakimu."

Hakimu akavutwa jikoni. Aliposikia linalotakiwa alijinyoosha kwa heshima ya cheo chake. "Mnaniomba niharibu ushahidi? Mimi? Mbele ya sheria?" Hapo macho yake yakaangukia sufuria ya wali, na nyama iliyokuwa ikichemka pembeni yake. "Kwa muda mfupi tu," akasema. "Na muuoshe ukirudi."

Kufuli likafunguliwa, mrija ukatolewa, na sanduku tupu likarudishwa mezani pake. Wakakunjua mrija wa karatasi, wakauviringisha juu ya ule wa plastiki mpaka mstari mwekundu ukapotea, Sajini akaubana kwa mate. Waziri akaunyakua, akakumbuka kwamba kwa desturi hawezi kuutia yeye, akamkabidhi Sikudhani.

"Nenda! Haraka!"

Sikudhani aliufumbata mrija mkononi. Hakwenda.

"Nini tena?"

"Mume wangu," alisema.

"Sikusikii!"

"Nimwone kwanza. Hapa." Sauti ilikuwa ileile ndogo, lakini mkono aliuficha nyuma ya mgongo, na nyuma ya mgongo kulikuwa na jiko la mkaa linalowaka.

Waziri alitazama mkaa. Alitazama ukumbini, Mtukufu akipanguswa midomo. "Mbwiga! Chukua gari langu!"

Makame aliletwa upesi, akiwa na kipande cha kamba mkononi, maana hakuna aliyemwambia aiachie. Alisimama mlangoni mwa jikoni akamtazama mkewe. Alimwona amesimama mbele ya Waziri, kidevu juu, mkono nyuma, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Makame hakupata la kusema.

Sikudhani akaingia ukumbini. Akatia mrija.

Mtukufu alifyonza bila matumaini, kama mtu anayetimiza wajibu. Juisi ikapanda. Macho yake yaliyolala yakafunguka. Akafyonza tena, kwa nguvu, kwa furaha, kama mtoto. Kijani kikashuka hadi nusu ya bilauri, hadi robo, hadi chini, watu wakishikana mikono, na mwishowe, katika kimya kile, nchi nzima ikasikia.

Krrrrrrrrr.

Walipiga kelele, walikumbatiana, walikaa. Waliokuwa nje walikaa barabarani. Mizinga ikapigwa. Mtukufu alisimama, akauchomoa mrija kutoka kwenye bilauri, akauinua juu ili kamera ziuone.

Ile karatasi ya juu ilikuwa imebaki ndani ya bilauri. Alichoinua Mtukufu kilikuwa cheupe, kigumu, kinang'aa, na kilikuwa na mstari mwekundu.

Kicheko kimoja kilianza nyuma kikafa njiani. Kila mtu alitazama mrija, kisha sanduku tupu la kioo, kisha viatu vyake. Mtukufu naye aliutazama, akaugeuza, akaupima kwa kucha. Alikuwa ametawala miaka mingi, na hakuwa amefika hapo kwa kushangaa hadharani.

"Karatasi yetu hiyo!" akasema. "Tazameni inavyong'aa!"

Makofi yalikuwa makubwa kuliko ya mwanzo, kwa sababu kila mmoja aliogopa kuwa wa kwanza kuacha.

*

Mrija ulipelekwa Jumba la Makumbusho kwa msafara wa pikipiki, ukawekwa kwenye kasha lenye maandishi ya dhahabu: Mrija wa Kwanza wa Karatasi wa Taifa. Na Makame alirudishwa mahabusu.

"Msamaha una siku yake," Waziri alimweleza Sikudhani, akijifuta mchuzi kidevuni. "Kuna kamati. Na kamati haijaundwa."

Kesi ikasomwa. Mwendesha mashtaka alieleza kwa sauti ya huzuni jinsi mshtakiwa alivyokutwa na mrija wa plastiki, akaomba adhabu ya kungoja uoze. Hakimu hakumtazama mtu usoni. Makame alitaka kujitetea, na kwa kawaida yake alianza mbali, tangu alivyozaliwa, akaambiwa akae.

"Yupo shahidi mwingine?"

Sikudhani alisimama. Wanamtaa waliojaa kwenye viti waligeuka. Wengi wao walikuwa wamekula kwake miaka yote bila kuisikia sauti yake.

"Wewe ni nani?" aliuliza hakimu, ingawa alimjua vizuri kwa wali wake.

"Mkewe."

"Sema kwa sauti."

"Mkewe! Naomba kukiona kidhibiti."

Mwendesha mashtaka alitazama mezani, chini ya meza, kisha akamtazama Sajini Mbwiga. Sajini alitazama dari.

"Kipo Makumbusho," alisema Sajini mwishowe.

"Ni kile alichokamatwa nacho mume wangu?"

"Ndicho, shemeji. Hakuna kingine nchini."

"Ni cha nini?"

Sajini alifungua mdomo ili aseme plastiki, na akaufunga upesi. Mwendesha mashtaka akaanza kupanga kalamu zake. Hakimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Mimi sikusoma," Sikudhani alisema, na safari hii hata waliokuwa dirishani walimsikia. "Sijui karatasi inatofautianaje na plastiki. Lakini Mtukufu anajua, na ametuambia sote. Kama kuna mtu hapa anasema Mtukufu alifyonza plastiki, basi asimame, aseme jina lake, na mwandike."

Hakuna aliyesimama. Mwendesha mashtaka, aliyekuwa amesimama tangu mwanzo, alikaa.

Hakimu alisoma hukumu akikimbia. Mahakama imeona, alisema, kwamba mshtakiwa alikutwa akitumia mrija wa karatasi kabla hata haujazinduliwa, jambo linaloonyesha uzalendo usio na subira. Anaachiwa huru, na anaonywa asiipende nchi kwa haraka namna hiyo.

Makame aliiacha kamba yake pale kizimbani. Sajini Mbwiga akaiokota, akaikunja vizuri, maana kituo hakikuwa na nyingine.

*

Baada ya hapo mambo yalinyooka, kama yanavyonyooka Shwari. Wizara iliamuru mirija yote ya karatasi ifanane na ule wa Makumbusho: migumu, inayong'aa, yenye mstari mwekundu. Shemeji yake Waziri akaagiza mashine mpya, na kila mrija ukagongwa muhuri wa neno KARATASI. Mkoromo ukarudi majumbani. Ile ya zamani, iliyokuwa ikilegea, ilitangazwa kuwa ni karatasi bandia iliyoletwa na maadui, ikakusanywa uwanjani, na kwa kuwa haikuwa na moshi wa kutosha, wakaongezea matairi. Waziri Kishindo alipewa nishani ya mazingira.

Makame alirudi kwenye kuongea kwake, ila mteja akimuuliza habari za kesi, humwelekeza jikoni. "Muulize mwenyewe," husema. "Mimi nilikuwa nimeshika kamba tu."

Asubuhi moja Sikudhani alimpelekea Bi Kidawa uji na mrija mpya. Bibi alifyonza, akafyonza, mpaka kikombe kikakoroma kwa raha. Kisha akauchomoa mrija, akausogeza karibu na jicho lake linaloona vizuri, akaubonyeza kwa ukucha, ukarudi palepale.

"Mwanangu," akauliza, "huu ni wa nini?"

"Wa karatasi, mama."

Bi Kidawa aliugeuza ule muhuri, akautazama mstari mwekundu, akamtazama mkwewe.

"Haya," akasema. "Basi na mimi ni mwari, nimetoka kuchezwa ngoma jana."

Sikudhani akaenda kufunga dirisha kwanza. Ndipo akacheka.